Dokta Peguero na Dawa ya Kusafisha Mkojo

Siku Leocadio Encarnación alipokosa kwa gongo mpira wa tatu mfululizo, na uwanja mzima wa besiboli wa San Pedro ukamzomea, watu wote waliona mdakaji mzee aliyechoka. Eligio Peguero, aliyekuwa amekaa nyuma ya benchi la timu ya Kaa Wekundu akitafuna mkate wa kukaanga, aliona mteja.

Mjini walimwita Dokta. Wengine huupata udaktari kwa kusoma. Yeye aliupata kwa kufagia kliniki ya mifugo, na tuseme ukweli, koti lake lilikuwa jeupe kuliko la daktari mwenyewe. Alipofukuzwa aliondoka na koti na cheo, na hakuna aliyejisumbua kumvua kimojawapo.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Leocadio dukani kwa Doña Mireya, peke yake kwenye meza ya dhumna.

"Kaka, pole na msiba."

"Msiba gani?"

"Wa gongo lako. Nilikuwapo uwanjani lilipokata roho."

"Cheka taratibu, Dokta. Mkataba wangu unaisha msimu huu na mke wangu ni mjamzito. Nisipopiga mipira, nitakwenda kukata miwa."

Dokta akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatoa kichupa cha kahawia. "Matone matatu chini ya ulimi kabla ya mchezo. Misuli inaamka, macho yanauona mpira mkubwa kama tikiti maji."

"Na wapimaji je? Wakinikuta na dawa za nguvu, nimekwisha. Hata miwa sitapewa."

"Ndiyo maana kuna chupa ya pili," akasema Dokta kwa upole wa padri. "Hii ni ya kusafisha. Unakunywa asubuhi ya kipimo, mkojo unatoka kama maji ya ubatizo."

Hapa naomba msomaji mwenye kofia aivue. Kichupa cha kwanza kilikuwa na mafuta ya nazi ya Doña Mireya, yaliyotiwa manjano kidogo ili yaonekane ya hatari. Chupa ya pili ilikuwa chai ya majani ya mchungwa. Madaktari wa kweli huhangaika usiku na mchana na dawa zao hushindwa. Ya Dokta haikuweza kushindwa, maana ilitumwa mwilini kufukuza kitu ambacho hakikuwamo.

Kumbe hofu ikimtoka mtu, na mkono nao hulegea. Leocadio akaanza kupiga. Alipiga dhidi ya Santiago, akapiga dhidi ya La Romana, na mpira mmoja ukavuka ukuta ukavunja kioo cha gari la padri. Wilton Hodge, mpigaji wao mkubwa, jitu lenye viganja kama sinia, akauliza siri. Akaambiwa. Kabla mwezi haujaisha nusu ya timu ilikuwa inainua ulimi.

Wapimaji wakaja kutoka mji mkuu, wale jamaa wanaosimama ubavuni mwa mtu na kumkazia macho bila aibu mpaka kikombe kijae. Wakapima, wakaondoka. Wote safi! Wachezaji walimbeba Dokta mabegani. Naye akajinunulia pikipiki nyekundu na mkufu wa dhahabu wenye kigongo kidogo, akaanza kutembea kama mtu aliyegundua penisilini.

Ndipo alasiri moja Leocadio na Wilton wakamfuata pale dukani, wamevaa nyuso za shukrani.

"Dokta," alisema Leocadio, "yale matone tumeyaacha."

"Mmeyaacha?"

"Usikasirike. Tulikaa tukafikiri. Kama chai yako inasafisha kila kitu, kwa nini tujibanie na matone? Tumepata sindano. Zile zenyewe, za farasi wa mbio. Timu nzima imechoma tangu Jumapili."

"Bega langu hili, Dokta, lishike," Wilton akasema. "Jana nimeng'oa mlango wa friji kwa bahati mbaya."

Dokta hakulishika.

"Na wapimaji wanakuja kesho," Leocadio akaendelea kwa furaha. "Kwa hiyo tuletee chai. Sufuria nzima."

"Jamani," Dokta akasema, "chai haiwezi sindano."

"Ulisema inasafisha hata nyumbu."

"Nilisema kwa mfano!"

Wilton akamgeukia mwenzake. "Anataka kupandisha bei."

"Sipandishi bei!"

"Basi mpe anachotaka," akasema Leocadio. "Dokta, sema."

Hapo Eligio Peguero, kwa mara ya kwanza tangu komunyo yake ya kwanza, akaamua kusema kweli. Akasema yote: nazi, manjano, majani ya mchungwa, ufagio wa kliniki. Akafungua kichupa akakinywa chote mbele yao. Akamwita Doña Mireya athibitishe.

"Ni nazi," akasema Doña Mireya. "Za ule mnazi wa uani."

Wale wawili wakacheka hadi machozi.

"Mnyenyekevu huyu!" alisema Wilton. "Nazi ndiyo iliyovuka ukuta wa Santiago?"

Uongo wote aliouuza mjini uliaminiwa palepale, na ukweli mmoja aliougawa bure ukakosa mnunuzi. Dokta alikitazama kiganja cha Wilton juu ya meza, akakiona kesho kikiwa shingoni mwake. Halafu, na hili lilimshangaza yeye mwenyewe, akamtazama Leocadio na akamwonea huruma. Mtoto alikuwa njiani na baba yake angefungiwa maisha.

"Kaka, nakuapia kwa kaburi la mama yangu. Mtakamatwa wote."

Leocadio akaacha kucheka polepole. Uso ukamshuka. "Kumbe kweli?"

"Kweli."

"Umetuua, Dokta."

Wilton akasimama. Kiti kikasimama naye, maana alikuwa amekishika.

"Subiri, Wilton," akasema Leocadio. "Nimesikia yuko mtu mji mkuu. Ana dawa ya kusafisha ya kweli, ya maabara. Lakini ni ghali, na anataka malipo leo hii."

Dokta hakungoja kutajiwa bei. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mezani kabla sentensi haijaisha, na mkufu ukaufuata.

"Chukueni. Nendeni. Mbio!"

Siku ya kipimo alijificha nyuma ya jukwaa la uwanja akisali rozari aliyoiazima. Wapimaji wakapima. Majibu yalipotoka, mtu alipita akipiga kelele: wote safi! Dokta akaruka, akalia, akambusu muuza karanga. Kisha tamaa yake, ambayo hofu ilikuwa imeilaza usingizi, ikaamka na njaa. Akaingia mbio chumba cha kubadilishia nguo.

"Kaka Leocadio! Hiyo ndiyo dawa! Nipeleke kwa huyo mtu. Niwe wakala wake, huku mashariki kote niuze mimi!"

Wilton akajifunika uso kwa taulo, taulo likaanza kutikisika, na benchi zima likaangua kicheko.

Dokta aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa mjinga, alichelewa tu. Akakumbuka kazi ya mdakaji ni nini. Mpinzani akisimama kituo cha pili uwanjani akichungulia ishara, mdakaji humwonyesha mrushaji wake vidole mara nne, na ni mara moja tu anaposema kweli. Mtu huyu alikuwa amekula mkate wa uongo huo tangu ujana wake.

"Sindano hazikuwapo," akasema.

"Hazikuwapo."

"Mlango wa friji?"

"Sina hata friji," Wilton akasema ndani ya taulo.

"Ulijuaje, kaka?"

"Basi la timu lina kiyoyozi, Dokta. Tulipokuwa njiani kwenda Santiago dawa yako iliganda kama siagi. Bibi yangu alikaangia samaki kwa mafuta hayo maisha yake yote. Ningeyasahau?"

"Na ukaendelea kupiga? Huku unajua ni nazi?"

"Mchezaji anayepiga vizuri habadilishi hata soksi, asije akafukuza bahati. Nilijua, na kila siku niliweka matone matatu vilevile."

"Na yule mtu wa mji mkuu?" Dokta akauliza.

"Nitamfikishia salamu zako. Nampeleka mke wangu kliniki huko Jumatatu, kwa pikipiki ile nyekundu." Leocadio akavaa kofia yake. "Ila usihame mji. Chupa yangu inakwisha, na fainali ni Ijumaa."

Alasiri hiyo Dokta Peguero alionekana uani kwa Doña Mireya, bila koti, anakuna nazi. Kila alipopunguza kasi, mama yule alimwambia akaze mkono na asizembee, maana timu inamtegemea.