Sukari Haimkamati Anayecheza

Jumatatu, 3 Juni
Kliniki. Habari mbaya. Daktari Serwaa amesema sukari imepanda na moyo wangu umechoka. Insulini, akasema, hufungua mlango sukari iingie katika misuli, moyo ukiwamo. Isipotosha, moyo huchoma mafuta mno na kudhoofu. Sukari isiposhuka chini ya kumi kufikia Ijumaa, sitacheza adowa, ngoma yetu ya msiba, kwenye matanga nyumbani kwa chifu. Ataongoza Dwumfour! Dwumfour, mpinzani wangu, ambaye miguu yake hutua kama magunia ya viazi vikuu!

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua siri. Muhogo ukitafunwa huwa mtamu. Kwa hiyo sukari hutoka menoni. Sisi Waasante fufu, matonge ya muhogo uliotwangwa, hatuitafuni, tunaimeza. Nimemeza matonge manne, hakuna jino lililoguswa. Mke wangu, Afrakoma, akauliza kama tumbo nalo nimelifunga macho. Kipimo cha sukari: kumi na tisa. Ajabu.

Jumatano, 5 Juni
Afrakoma ameuficha mchi wa fufu. Insulini yangu ameihifadhi kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi, na anasimamia kila sindano kama askari wa magereza. Nimepewa mboga ya majani ya kontomire na ndizi mbichi moja ya kuchemsha. Moja! Kipimo: kumi na moja. Nimepanda ngazi zote za kanisa la Methodisti bila kupumzika. Bila shaka ni matunda ya kumeza vizuri.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango mkubwa. Kudunga sindano, kisha kutokula kabisa. Sukari itafika sifuri, daktari atapigwa na butwaa. Afrakoma alikuwa sokoni.
Saa tano, mazoezi ya ngoma. Jasho. Mikono ikatetemeka. Moyo ukapiga haraka kuliko wapiga ngoma, nao walikuwa wanne. Nikakaa chini katikati ya duara. Dwumfour akaja mbio na soda, akanishika kidevu, akaniamuru: kunywa, mzee mwenzangu, mimi nina kitambaa kimoja tu cha msiba, usinitie katika matanga mawili! Nikanywa. Nikapona. Kuokolewa na mtu yule! Aibu.

Ijumaa, 7 Juni
Dwumfour amenisindikiza kliniki bila kualikwa, akasimulia yote, pamoja na jasho. Daktari amenikaripia kama mtoto wa darasa la pili: insulini bila chakula huangusha sukari, na moyo huhangaika. Hata hivyo mapigo yametulia. Kipimo: nane. Ruhusa! Mizunguko mitatu tu, na nile kwanza.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekula. Nimedunga. Nimecheza. Mizunguko mitatu, mikono ikizungumza, moyo imara kama kisiki. Chifu alitabasamu. Kisha watu wakaanza kunyoosha vidole viwili juu ya mgongo wangu, heshima ya mchezaji bora, na wa kwanza alikuwa Dwumfour. Nilifuta macho. Vumbi.
Daktari anadai ni insulini na chakula cha kipimo. Maskini, msomi yule. Ni mwendo! Sukari haiwezi kumkamata mtu anayecheza. Nimelithibitisha mezani pa wafiwa: vipande vitano vya keki, vyote nikivila huku nikirukaruka. Afrakoma akaniuliza kama nimeingiwa na siafu.
Kipimo cha jioni: kumi na saba.
Kifaa kimeharibika. Jumatatu nitamwandikia mtengenezaji barua kali.