Bundi Mwekundu Juu ya Rundo la Kuni

Alhamisi, 1 Novemba 1934

Halifax. Mvua. Bwana Ormerod, mhariri wa gazeti letu la wavulana, aliniita ofisini na hakunikaribisha kiti. Kasema kuponi ambazo wasomaji hupigia kura hadithi waipendayo zimefika, na Bundi Mwekundu, shujaa wa hadithi zangu, ameshika mkia tena. Asipopanda juma lijalo, nimuue mwenyewe kwa kalamu yangu. Bundi wangu! Miaka yote hii anawatia adabu wahalifu kwa joho lake na barakoa ya manyoya.

Clegg, anayeandika hadithi za golikipa, alikuwa mlangoni. Akanipa pole. Pole ya Clegg inachoma kuliko tusi.

Sikula chakula cha jioni. Katika maisha yangu sijapata kumjua shujaa mwingine.

Jumamosi, 3 Novemba

Wazo! Wavulana hawampigii kura Bundi kwa kuwa hawajamwona. Watamwona. Watoto wa mtaa wetu wamekusanya rundo la kuni kwa moto wa sherehe ya Jumatatu, na genge la mtaa wa pili linaliiba kidogo kidogo. Bundi atawanasa, magazeti yataandika, kuponi zitamiminika.

Nilimwomba mke wangu Edna anishonee joho kwa pazia la sebuleni. Akauliza kama nina homa. Kisha akashona, maana ana moyo mzuri, ila kasema manyoya niyatoe kwenye mto wangu, si wake.

Jumatatu, 5 Novemba

Siku ya kumchoma Guy, sanamu ya majani makavu na nguo kuukuu ya yule msaliti wa zamani aliyetaka kulilipua Bunge. Giza lilipoanza kuingia nikapanda juu ya rundo. Nikakaa kimya, miguu imenyooka, kichwa kimeinama. Mbinu ya Bundi hasa.

Genge likaja na mkokoteni. Msichana mmoja akanishika kidevu, akawaambia wenzake kwamba Guy huyu ni mbaya wa sura lakini anamshinda wa kwao. Wakanibeba pamoja na kuni.

Edna anauliza mbona sikusema kitu. Kwanza, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Pili, nilitaka kuyajua maficho yao. Maficho yenyewe yalikuwa moto, na ulikuwa umeshawaka.

Waliponiinua ili wanitupe, nikakurupuka, nikatandaza joho. Nikatangaza kwamba mimi ni Bundi Mwekundu. Mdogo wao akaanza kulia. Wengine wakatazamana.

"Bundi nani?" akauliza msichana.

"Si yule wa kurasa za mwisho?" mwenzake akamjibu. "Huwa tunamruka." Kisha akanigeukia kwa upole. "Shuka basi, mjomba, unatucheleweshea moto."

Wakanipa kiazi cha kuchoma. Nikakila nimesimama, barakoa mkononi. Sijawahi kuumia hivyo.

Jumanne, 6 Novemba

Gazeti la mji limeandika mistari miwili: mlevi aokotwa juu ya kuni. Mimi, nisiyeonja hata bia! Clegg amekata kipande hicho na kukibandika ukutani. Kuponi zimekuja. Mkia.

Bwana Ormerod kasema kifo kiwe mezani kwake Ijumaa, na kisiwe kirefu.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimemuua. Kaanguka kutoka darajani akimwokoa mtoto, maji yakamfunika. Nililia nikiandika na sioni aibu kusema hivyo. Edna alikaa nami mpaka nikamaliza. Akasema ni kifo cha heshima, akanitilia chai. Bwana Ormerod alikipunguza nusu ili tangazo la baiskeli lipate nafasi.

Kazi sijaipoteza. Nimepewa kumsaidia Clegg na golikipa wake, kwa sharti moja alilolirudia Bwana Ormerod mara kadhaa: mpira tu. Nimekubali. Nimejirekebisha. Nimetulia.

Sura ya kwanza iko tayari. Golikipa anaingia uwanjani amevaa barakoa, na hakuna ajuaye ni nani. Edna anapunguza urefu wa joho, maana kesho mtaani kuna mechi na nimeamua kukaa golini mwenyewe.