Pazia Kwenye Ngazi

Jumatatu, 3 Machi

Ngazi ya tano kutoka juu. Hapo ndipo waifai ya fundi cherehani wa chini inaposhika vizuri. Haina neno la siri, na mimi nina adabu zangu: sipakui filamu, situmii akiwa na wateja wengi, nikimaliza nashukuru kimoyomoyo. Huo si wizi. Ni ujirani.

Mke wangu yuko kazini ng'ambo, huu mwezi wa kumi na nne. Hupiga saa kumi jioni. Bando langu linatosha ujumbe wa maneno tu, lakini nilimwambia nimefunga waifai yangu mwenyewe. Kwa hiyo natundika pazia nyuma yangu, ngazi zisionekane. Leo ameuliza pazia la chumbani linafanya nini sebuleni. Nikasema lile la sebuleni limefuliwa. Akacheka. Jamani, kile kicheko! Nimebaki pale hadi miguu ikafa ganzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkuta kinyozi, yule anayepakana na fundi, kwenye ngazi yangu! Anatazama mpira, haya hana. Uso wa mke wangu ukaganda kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nikasikia "nime", kisha "sana". Katikati patupu. Nimeshinda nikipajaza mwenyewe. Nimechoka sana? Nimekukumbuka sana? Nimeandika yote mawili kwenye karatasi. La pili nimelipigia mstari.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Nimeshuka kwa fundi, nikamsalimu, nikasifu mishono yake, kisha kwa uchungu wa jirani mwema nikamweleza kuwa kuna mtu anamwibia waifai. Sikutaja jina. Nilitazama tu upande wa kinyozi. Fundi hakuinua macho kwenye cherehani. Akasema ahsante, atalishughulikia. Nimepanda ngazi nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Ameweka neno la siri. Mtu mzima mimi, hilo sikuliwaza! Nimejipalia makaa.

Mlangoni kwake pana karatasi: anayetaka waifai abishe hodi, aombe. Kinyozi kabisha, kapewa, na kiti kapewa. Mimi nitaombaje, niliyekwenda kushtaki wezi? Nimemwandikia mke wangu kuwa mitambo imeharibika mtaa mzima. Hajajibu.

Saa kumi nilikaa ngazini hata hivyo, pazia nikalitundika. Mazoea. Nikatazama picha yake ile aliyofumba macho. Namtaka huyu mtu nyumbani. Nataka anigombeze kwa viatu mlangoni.

Ijumaa, 7 Machi

Saa kumi, hodi. Fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni, ananinyooshea simu yake.

"Mkeo huyu," akasema. "Ndiye aliyeniomba nisiweke neno la siri tangu alipoondoka. Alijua wewe kuomba huwezi."

Nikataka ardhi inimeze. Fundi akaongeza kuwa angeendelea kuiacha wazi miaka yote, ila mwizi alipokuja mwenyewe kushtaki wizi, aliona bora amfunze kidogo. Kisha akarudi kwenye kazi zake.

Mke wangu aliniambia nirudishe pazia chumbani, majirani wanachungulia. Nikauliza lililokuwa likinikaba: Jumanne alisema nime nini sana?

"Nimenenepa sana."

Tukacheka. Kisha machozi yakamlengalenga, akasema, "Na nimekukumbuka, wewe mwongo." Nimegeukia ukuta kidogo. Vumbi lilikuwa jingi pale.

Nilipomrudishia fundi simu yake alinipa neno la siri: hodikwanza. Nimemwapia kuwa kuanzia leo cha mtu nitakiomba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka mtu mpya. Pazia liko chumbani. Nimemsalimu hata kinyozi.

Saa nane nilikuwa jikoni nikitafuta chumvi, simu ikaniambia kuna waifai mpya. Ni ya daktari wa meno, jengo la pili. Haina neno la siri. Ukisimama juu ya stuli karibu na dirisha inashika barabara, kasi mara tatu ya ile ya fundi. Picha itakuwa safi, nitaiona hata ile alama ndogo shavuni mwake. Miezi kumi na minne sijaiona vizuri.

Nilifikiria kwenda kuomba. Lakini daktari wa meno ukimbishia hodi atataka ufungue mdomo.

Saa kumi inakaribia. Pazia nimelishusha tena, natafuta msumari. Kinyozi asijue.