Aleluya ya Kapteni Velo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Munyao ameniharibia wikendi. Tena! Chama chetu cha Mashabiki wa Merikebu ya Anga, Tawi la Machakos (matawi mengine hayapo, lakini jina linatupa uzito), kilikutana juzi pale juu ya duka la mbegu. Ajenda ilikuwa moja: kile kibwagizo cha noti nne kinachorudi katika kila filamu. La, do, ti, mi. Mimi nasema ni kibwagizo cha kurudi nyumbani. Kikipigwa tu, merikebu ya Kapteni Velo inatua salama. Munyao anasema ni kibwagizo cha kifo. Ati kila kikipigwa, mtu anakufa. Akawataja: baba yake Kapteni, daktari, yule roboti mwenye jicho moja. Nikasema roboti hafi, anazimika. Wakacheka. Nikasema tena kwamba merikebu huwa inarudi nyumbani, yeyote anaweza kuona. Munyao akajibu kwamba ndiyo, inarudi na maiti ndani.

Huyu ni mtu wa Syokimau, kule karibu na Nairobi. Anafanya kazi ofisini Nairobi, anakuja kwetu kila Jumamosi na gari lake na vile vidude vikubwa vya masikioni, kisha anatueleza muziki sisi tuliozaliwa kwenye kwaya!

Filamu mpya inaonyeshwa tarehe 23, ukumbini hapa mjini. Mtu mmoja kutoka chama atapanda jukwaani kuueleza muziki wake. Loise, mwenyekiti wetu, ameamua kwamba atakayeshinda hoja ya noti nne ndiye atakayepanda. Lingekuwa jambo dogo, kama nisingekuwa nimeshamwambia mama kwamba nimechaguliwa.

Jumanne, 5 Agosti

Mama ametangaza kanisani. Kina mama wote wa mtaa wetu wa Mumbuni wanajua kwamba Ndunda wao, muuza kava za simu, atahutubia ukumbi. Watatu wamenisimamisha njiani kunipa hongera. Mmoja ameniuliza kama kutakuwa na chakula. Mama mwenyewe ameshapeleka kitenge kwa fundi.

Lazima nimshinde Munyao. Hakuna njia nyingine.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata! Nilikuwa nakata sukuma wiki, karibu nijikate kidole kwa furaha.

Kalekye, binti wa mjomba wangu, anaolewa Kathiani tarehe 16. Kwaya itaimba. Sasa, watu wa Kathiani hawajawahi kuona Merikebu ya Anga hata siku moja. Masikio yao ni safi. Wakiimbiwa zile noti nne arusini na wakafurahi, basi kibwagizo ni cha furaha, na kurudi nyumbani ni furaha, na Munyao akae kimya. Huo ni utafiti! Nitawaalika Munyao na Loise wajionee.

Nimempigia Mwalimu Kasiva, anayefundisha kwaya. Akataka nimwandikie kwa solfa, kwa maana kwaya yake haipokei wimbo wa kunong'onezwa kwenye simu. Akauliza pia maneno ni yapi. Maneno! Sikuwa nimefikiria. Nikatazama juu, nikapata. Aleluya. Silabi nne, noti nne. Nani amewahi kulia kwa aleluya?

Ijumaa, 8 Agosti

Mwalimu Kasiva amenipigia. Anasema wimbo ni mtamu sana. Kwaya waliujaribu jana mbele ya watu, kule kwa Mzee Mutunga, na watu waliguswa mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Ndio utaratibu wake, akanieleza. Wimbo mpya haupeleki moja kwa moja kwa shughuli kubwa. Kwanza anautafutia watu.

Mwanamke mwenye akili! Nikamshukuru, nikakata simu, nikajinunulia soda. Kwa Mzee Mutunga kulikuwa na nini Alhamisi, sikuuliza. Watu wa Kathiani wanapenda mikutano.

Jumapili, 10 Agosti

Jana chamani nilitoa mwaliko rasmi. Munyao akauliza kama naitumia arusi ya ndugu yangu kushinda ubishi wa filamu. Nikamjibu kwamba sayansi haina ndugu. Loise akasema, "Ndunda, wewe uko na shida." Lakini alikubali kuja. Munyao naye akasema atakuja, na atarekodi. Rekodi, ndugu yangu! Rekodi yote!

Jumamosi, 16 Agosti

Siandiki vizuri.

Kila kitu kilianza vyema. Kanisa lilijaa. Kalekye alipendeza. Munyao na Loise nilikuwa nimewakalisha mahali pazuri. Pete zikavishwa. Mwalimu Kasiva akainua mikono. A-le-lu-ya.

Safu ya mbele, mama mmoja akapiga yowe.

Nikadhani ni vigelegele. Nikamgeukia Munyao nikitabasamu. Kisha yule mama akaanguka kwenye kiti, na wenzake wawili wakamshika, na wao wakaanza kulia. Safu ya pili ikafuata. Wazee wakavua kofia. Mzee mmoja karibu yangu akatikisa kichwa akasema alimzika rafiki yake kwa wimbo huu huu, Alhamisi ya wiki jana.

Alimzika!

Kwa Mzee Mutunga hakukuwa na mkutano. Kulikuwa na mazishi ya Mzee Mutunga. Na yule mama wa safu ya mbele ni mjane wake, amekuja kuwaombea maharusi heri.

Kwaya nao, kuona watu wamekolea hivyo, wakaimba kwa nguvu zaidi. Wakarudia. Mara nne! Mshereheshaji, kijana wa mjini asiyejua lolote, aliona kilio akaomba tusimame dakika moja kwa heshima ya marehemu. Tukasimama. Bwana arusi alisimama akitazama kila upande, nadhani akitafuta ni nani amekufa. Padri alifungua kitabu chake, akakifunga, akakifungua tena.

Nilimfuata Mwalimu Kasiva nyuma ya kanisa. Nikamuuliza ni nani duniani anajaribu nyimbo mazishini. Akanishangaa. Akasema kila mwalimu wa kwaya anajua hivyo. "Kwa matanga watu ni wengi, na hakuna mtu ako na nguvu ya kusema soprano imekosea. Unataka nijaribie wapi, Ndunda? Sokoni?"

Nikarudi kanisani. Inauma kwamba ana hoja.

Kalekye amenitumia ujumbe wa sauti. Amesema hatanisemesha mpaka mtoto wake wa kwanza amalize chuo. Mtoto huyo hajazaliwa. Kusema kweli nimeona aibu, nikamtumia yule mjane salamu za pole kupitia kwa shangazi. Shangazi akarudi kusema mama wa watu ameuliza pole ni ya nini, kwani wimbo ulimpendeza.

Jumapili, 17 Agosti

Kikao cha dharura juu ya duka la mbegu. Munyao akaweka simu mezani, akacheza rekodi, kisha akairudia. Hiyo ndiyo roho mbaya yake, kuirudia. Nikajitetea. Nikaeleza kwamba hayo ni machozi ya furaha. Loise akauliza na yule aliyepiga yowe. Nikasema ni furaha nyingi. Kura zikapigwa. Wote kwa Munyao. Mimi pekee kwangu.

Mama hajui. Kitenge kimerudi kutoka kwa fundi, kina mikono ya kupepea.

Jumamosi, 23 Agosti

Ukumbi ulifurika. Mama aliketi na kina mama wa Mumbuni, safu nzima. Munyao akapanda, akaeleza kibwagizo cha kifo. Mama akaniuliza zamu yangu ni lini. Nikamwambia ni baadaye. Sijawahi kujisikia mdogo hivyo maishani mwangu.

Filamu ikaanza. Na mwishoni kabisa, jamani! La, do, ti, mi. Merikebu inatua. Kapteni Velo anashuka, anapanda mlima kwenda kwao, anafungua mlango wa mama yake. Amerudi nyumbani! Nikaruka kwenye kiti! Kisha akaanguka mlangoni pale pale, mama yake akamfumba macho.

Nyumbani. Na kifo. Pamoja, kwa noti zile zile.

Taa zilipowaka, Munyao alipita watu wote akanijia. Macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Bro, tulikuwa sawa sisi wote wawili. Kuja tupande tuwaambie pamoja." Alinyoosha mkono kuelekea jukwaani. Watu walikuwa bado wamekaa. Mama alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

Ningeweza kupanda. Ngazi zilikuwa tatu tu.

Lakini fikiria. Wote wawili! Hiyo ni njia ya kistaarabu ya kusema kwamba Munyao hakushindwa. Nikamtazama usoni, nikamwambia Kapteni Velo hajafa. Amezimia kwa uchovu wa safari.

Munyao alishusha mkono. Watu wakaanza kutoka.

Jumapili, 24 Agosti

Nimejitoa chamani. Nimeanzisha changu, kwa watu makini pekee. Mwenyekiti ni mimi. Mwanachama ni mama, ambaye hajanisemesha tangu jana ila kwa mambo ya chai, lakini amekubali kuhudhuria kwa kuwa mkutano uko jikoni kwake.

Ajenda ya kwanza: hali ya Kapteni. Nikatoa hoja kwamba amezimia. Mama akasema, bila kuacha kuchambua maharagwe, kwamba ameona mtu akifumbwa macho, na mtu aliyezimia hafumbwi macho. Akaongeza kwamba kama ningepanda zile ngazi na mwenzangu, leo angekuwa na la kusema kanisani.

Tukapiga kura. Yangu moja, ya mama moja. Kwa mujibu wa katiba, mwenyekiti ana kura ya uamuzi.

Kapteni Velo yuko hai. Hatimaye nimemshinda Munyao, na kwa haki kabisa. Nimesikia Kivaa kuna ubatizo mwezi ujao, na kwaya yao bado inatafuta wimbo.