Betri za Kilowati

Umeme ulipokatika tena, mtaa mzima ulisonya. Kilowati peke yake ndiye aliyechomekea shati. Hakuwahi kusomea umeme. Alichosomea ni nyuso za watu, na uso wa mama wa buchani, anayehangaika kuifunika friza yake kwa blanketi, ulisomeka hata gizani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikopeshi."

"Nimekuja kukuokoa."

Alimletea betri mbili zilizotupwa na fundi magari, Mungu azilaze pema, akiwa amezipaka rangi mpaka zikang'aa. Akaunganisha balbu ndogo. Ikawaka. Wakanywa chai, wakawasengenya majirani, balbu inawaka tu.

"Na friza itakaa muda gani?"

"Hesabu ndogo, mama. Chukua nguvu ya betri, gawanya kwa ulaji wa friza, jumlisha uaminifu wa fundi. Unapata usiku kucha, na asubuhi unachaji simu."

Balbu hula kama mgonjwa, friza hula kama mgeni wa harusi. Kilowati alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alikuja na balbu.

"Pesa sina," mama alisema. "Nitakupa paja zima la ng'ombe."

Kilowati nusura amkumbatie. Jumapili baba wa mchumba wake, mzee ambaye hakuwahi kuonana naye, angekuja kula kwake na kumkagua, na mzee huyo alishasema hapendi watu wenye maneno mengi. Kilowati alimpenda yule binti kweli. Ni jambo pekee maishani mwake ambalo hakulipaka rangi.

"Basi nifungie niondoke nalo."

"Kwako una friza? Nitakutunzia humu mpaka Jumapili. Au una wasiwasi na betri zako?"

Wateja wakageuka kumtazama. "Wasiwasi wa nini, mama?" alisema.

Umeme ulirudi usiku uleule, lakini Ijumaa ukaondoka tena, haukurudi. Jumapili asubuhi Kilowati alikuta foleni buchani, na paja lake likinuka mpaka barabarani.

"Na nyama yako, mama?"

"Yangu ililala kwa shemeji, ana jenereta, nimeirudisha leo. Humu niliacha yako tu, maana wewe ndiye uliyepiga hesabu."

"Nipe nyingine, mama. Nina ugeni mzito."

"Kwa nini nikupe? Kwani betri ni mbovu?"

Kilowati alitazama foleni, akamfikiria binti. "Mbovu," alinong'ona.

"Sikusikia."

"Ni mbovu, mama. Zilikufa kabla sijazileta. Niliziokota, nikazipaka rangi."

Foleni nzima ilicheka, na mzee mmoja mwenye kofia alicheka mpaka akashika ukuta. Mama akakata paja jipya, akalipima, akadai bei kamili. Kilowati alikung'uta mifuko yote miwili, akalipa.

"Asante, mwanangu. Sogea nimhudumie mzee," mama alisema.

Mzee mwenye kofia alisogea, akifuta machozi ya kicheko. "Nikatie kilo mbili. Leo naenda kumwona kijana anayetaka kumuoa binti yangu, na chakula chake sikiamini. Wanamwita Kilowati. Unamfahamu?"