Picha ya Kimondo Niliyoifuta

Jumamosi, 14 Machi
Picha ya ukoo, uani kwa mama mkwe. Nimewaamuru wote waweke simu mfukoni, hasa shemeji yangu, ambaye kwa kuwa simu yake ina kamera tatu anajiona fundi. Mwenye studio ni mimi! Jua limezama, mwanga laini. Nimehesabu: moja, mbili... wote wakatazama juu. Kimondo kilipita nyuma yangu, ua ukawa mweupe kama mchana. Sikukiona, jicho langu lilikuwa kwenye kamera. Nikabonyeza. Midomo wazi, hakuna hata mmoja anayenitazama. Mbovu. Nikaifuta palepale, ndiyo kazi yangu ilivyo.

Jumapili, 15 Machi
Mke wangu anaitaka picha ya kimondo. Anasema mama yake alicheka. Tangu afiwe na mumewe hajacheka, na jana alicheka kama msichana, kidole juu. Nikakumbuka. Kweli, katikati alikuwepo mtu anayecheka. Nilimwona anaharibu mstari. Nimesema picha iko studio, inasafishwa.

Jumanne, 17 Machi
Njia ya mwongo fupi. Shemeji amemwambia dada yake kwamba aliniona nikiifuta. Nimejaribu kuirudisha, wapi! Kadi ya kamera nimeshaijaza picha za pasipoti za wateja. Mke wangu hakugomba. Heri angegomba. Amekaa kitandani, akasema mama anazeeka, huenda asicheke tena. Najuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini nina mpango!

Jumamosi, 21 Machi
Ukoo wote uani, nguo zilezile. Kamera kwenye miguu yake mitatu, kibonyezo cha mbali mkononi mwangu. Mimi juu ya banda la kuku, taa imefungwa kwenye ufito, nikakimbia nijifanye kimondo, mama mkwe acheke tena. Bati likaachia. Nikatua katikati ya kuku.

Mama mkwe alicheka hadi akashika nguzo. Mke wangu akawa ananisihi nibonyeze, nibonyeze sasa hivi. Shemeji akatoa simu. Nikamkumbusha sheria, akairudisha. Nikajipangusa manyoya, nikawapanga upya, nikawaomba utulivu. Mama mkwe alichelewa kunyamaza, ikabidi tumngoje.

Picha imetoka safi. Wote wananitazama, hakuna jino hata moja linaloonekana. Mke wangu amelala mapema, amegeukia ukutani. Nadhani ni furaha. Kesho naitia kwenye fremu.