Pikipiki Iliyovishwa Tairi za Porini

Daktari wa Tairi aliisikia pikipiki kabla hajaiona. Ilikuwa mashine ya lami, nyembamba, mpya, na juu yake alikaa dalali wa viwanja, tumbo mbele, miwani myeusi, suti ya kuazima sifa. Udaktari wenyewe fundi alijipa mwenyewe kwa rangi ya mafuta juu ya mlango wa kibanda chake. Kazi yake ilikuwa kuchonga upya meno ya tairi kuukuu kwa kisu cha moto, kuzipaka weusi na kuziuza kama mpya. Mji mzima ulikuwa umeshamshtukia. Alihitaji kuhamia kwingine asikojulikana, na mtu wa hadhi yake hahami kwa miguu.

"Bosi wangu," aliita, "mtu mzito kama wewe unakanyaga tairi za baiskeli? Wateja wanakuonaje?"

Dalali akafunga breki. Mpenda sifa hahitaji kuvutwa mara mbili.

"Viwanja vyako viko milimani. Nikuvishie tairi za porini, pana, zenye meno. Utapanda hata ukuta."

"Zitaingia hizo?"

"Bosi, umekuja kwa daktari au kwa muuza maji?"

Hazikuingia, na Daktari alijua tangu mwanzo. Tairi ya nyuma ilizidi nafasi kwa vidole viwili. Aliibana kwa tiravasi, kile chuma cha kubandulia tairi, akaitukania mama yake, akaligonga madigadi, bati la kuzuia tope, kwa nyundo mpaka likaipisha. Zile za lami, nzima kabisa, akazificha nyuma ya pipa. Dalali alizunguka mtaa mmoja tu. Aliporudi, cheni ilikuwa inatafuna mpira, madigadi limekunjamana, na moshi umemganda kwenye suti.

Daktari akavua kofia kama aliyefika msibani.

"Pole sana, bosi. Fremu imepinda. Tairi zimetufichulia tu ugonjwa. Hata ukirudisha zile za zamani, siku moja itakutupa mtaroni."

Uongo mtupu. Ugonjwa ulikuwa tairi, na dawa ilikuwa nyuma ya pipa.

"Sasa nifanyeje, fundi?"

"Kwa huruma tu, tubadilishane. Wewe chukua kibanda changu na mashine ya upepo, mimi nibaki na huu mzoga nitoe vipuri."

Dalali alifikiri kwa muda wa kupiga chafya, akakubali. Mwenye akili angeshtuka hapo. Daktari alimdharau zaidi.

"Ila kibanda tuandikiane," dalali akasema. "Kamati ya soko hawanitambui bila karatasi."

"Sawa. Kwa pikipiki maneno yanatosha. Mimi na karatasi hatupatani."

Ndiyo ilikuwa desturi yake: hatoi risiti, haombi risiti, kwa kuwa karatasi humkumbusha mtu alichouziwa. Akatia saini karatasi ya kibanda mbele ya kinyozi na muuza mitumba, akapokea ufunguo wa pikipiki. Kadi ya umiliki hakuiulizia. Dalali akaingia kibandani kumpigia simu mkewe.

Daktari alirudisha tairi za lami huku akipiga mluzi, akanyoosha madigadi, akaosha kila kitu. Alikuwa anafunga begi nyuma ya kiti alipotokea mama mmoja, muuguzi, sare nyeupe, ufunguo wa akiba mkononi.

"Habari za kazi, fundi? Naona umeshamaliza pikipiki yangu."

"Yako?"

Akamwonyesha kadi. Jina lake, namba ileile.

"Mume wangu ameniambia uliivisha tairi za trekta, halafu umejuta, unarudisha zile za mwanzo. Mungu akubariki."

"Mumeo amenipa hii, mama!"

"Amekupa cha nani? Una maandishi?"

Kinyozi na muuza mitumba walitazamana. Karatasi waliyoshuhudia ilikuwa moja, na ilihusu kibanda. Muuguzi akalifungua begi kutoka kwenye kiti, akalishusha chini kwa heshima zote, akapanda, akaondoka.

Daktari alimvamia dalali mlangoni.

"Umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Kibanda umenipa kwa hiari yako, mashahidi hawa hapa."

"Na pikipiki?"

"Ile ni ya mke wangu. Ningeitoaje? Unataka nilale nje?"

Kwenda polisi ilikuwa haki yake, lakini huko wangeanza kumuuliza habari za tairi. Akakaa juu ya begi, hana pa kwenda wala cha kumpeleka.

"Mimi tairi sizijui," dalali akamwambia, sasa kwa upole wa tajiri. "Nahitaji fundi. Kesho saa moja, usichelewe."

Kesho yake, saa moja na nusu, muuguzi alisimama mbele ya kibanda akielekea kazini.

"Upepo, shemeji. Mbele na nyuma."

Bingwa wa ujanja akapiga magoti kwenye vumbi, akashika mpira wa mashine, akajaza. Alipoinuka na kunyoosha kiganja, dalali alikohoa kutoka ndani.

"Huyo usimtoze. Na umfutie kiti."